Maneno na Picha Walipogombana Kitabuni

Sogeeni karibu, wapwa zangu wa Malambo. Mmoja wenu ameuliza, "Mjomba, kwa nini kitabu chetu kina picha? Maneno hayatoshi?" Hongera, mpwa wangu! Kuuliza si ujinga. Swali lako lina hadithi yake.

Paukwa! Pakawa!

Maneno na Picha waliishi katika ukurasa mmoja. Ukurasa huo ulieleza habari za Ol Doinyo Lengai, mlima wetu wa moto.

Maneno akajigamba: "Mimi ndiye mwenye habari. Nimesema zaha ya Lengai, yaani mwamba ulioyeyuka, hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe ikipata unyevu wa hewa. Nimesema joto lake ni nyuzi 500 hadi 600, ilhali zaha ya volkeno nyingi hupita nyuzi 1,000. Wewe Picha ungeyasemaje hayo?"

Picha akajibu: "Nisingeweza. Lakini mtoto ameuona mlima kwa nje tu. Mimi nimeupasua katikati. Sasa anaona zaha inavyopanda kutoka chini, ikapita ndani ya mlima, ikatokea kwenye kasoko kileleni."

Wakabishana, wakabishana, hata msichana aliyekuwa akisoma akasema, "Nyamazeni nisome!" Akasoma mstari, akatazama mchoro. Akasoma mstari, akatazama mchoro. Jioni akamsimulia bibi yake. Neno "kasoko" likampotea. Akafumba macho, akaliona lile shimo la kileleni, na neno likarudi.

"Mjomba, limerudije?"

Ah, umeuliza penyewe! Fikirini njia mbili za kwenda lambo. Moja ikizibwa na miiba, mifugo hupita ya pili, na maji hunywewa. Allan Paivio, mwanasaikolojia wa Kanada, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1971. Alisema akili huhifadhi maneno kwa namna moja na picha kwa namna nyingine. Ukisoma na kuona, umejiwekea njia mbili.

"Basi kila picha inasaidia?"

Hapana, mwanangu. Tuseme mchoraji ameweka simba mzuri kwenye ukurasa ule wa Lengai. Jicho litamfuata simba. Kesho utamkumbuka simba, na zaha utaisahau. Mwaka 1982 watafiti wawili, Howard Levie na Richard Lentz, walikusanya matokeo ya majaribio mengi yaliyofanywa kuhusu vitabu vyenye picha. Wakaona kwamba picha husaidia kukumbuka yale yaliyoandikwa ambayo picha yenyewe inayaonyesha. Yale isiyoyaonyesha, haiyasaidii sana. Picha nzuri ni ile inayosema jambo lilelile wanalosema maneno.

"Na sisi tunaozungumza Kimaasai nyumbani?"

Nyinyi picha inawafaa zaidi! Kitabu cha Kiswahili kinataja jahazi, na hapa Malambo hakuna bahari. Ukisoma "chombo cha baharini chenye tanga," bado unakisia. Ukiona tanga limejaa upepo na mabaharia wameshika kamba, hukisii tena. Neno jipya limepata mahali pa kukaa. Ndiyo maana inaniuma nikiona kitabu cha mtoto kisicho na mchoro hata mmoja, na ndiyo maana nawaomba walimu: msiivuke picha. Waulizeni watoto wanaona nini.

"Na kama kitabu hakina picha, mjomba?"

Chora mwenyewe! Soma, funga kitabu, kisha chukua kijiti uchore mchangani ulichoelewa. Usijali kama mlima umepinda. Fungua kitabu, linganisha. Umesahau kasoko? Iongeze. Umekosea njia ya zaha? Ifute, uichore tena. Ukichora, unalazimika kujiuliza kila kitu kinakaa wapi, na mwenye kujiuliza hivyo hasahau upesi.

Haya, nani ataanza? Someni ukurasa wa Lengai, kisha kila mmoja achukue kijiti chake.