Kabla ya Pete: kwa nini watazamaji wanagombana juu ya mwanzo wa hadithi

Vijana wa makanisa yetu wanatuuliza kama Mkristo anaweza kutazama The Rings of Power, tamthilia ambayo kampuni ya Amazon ilianza kuonyesha mwaka 2022. Wazazi wengine wamekwisha kujibu: mna wachawi na mapepo ndani yake, basi izimwe. Sisi tunaona afadhali kueleza kwanza ni kitu gani, na kwa nini hata wapenzi wake hawapatani juu yake.

J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini yake. Kitabu chake The Lord of the Rings kilitoka 1954 na 1955, na Peter Jackson alikifanya sinema tatu, 2001 hadi 2003. Kisha zikaja hadithi za mambo yaliyotangulia: sinema tatu za The Hobbit, 2012 hadi 2014, na sasa tamthilia hii, inayorudi nyuma maelfu ya miaka.

Shida ya hadithi ya namna hii ni kwamba mtazamaji anajua mwisho. Anachosikiliza ni kama mwanzo unapatana na mwisho anaoupenda. Juu ya The Hobbit, wengi walilaumu kwamba kitabu kimoja cha watoto kilivutwa hadi kikawa sinema tatu. Lakini waliupenda wimbo wa vibeti katika sinema ya kwanza, wanaouimba kwa sauti nzito wakikumbuka makao waliyonyang'anywa (aliyekimbia kijiji chake atauelewa bila mkalimani). Wakanung'unika tena, kwa kuwa tuni ile karibu haisikiki katika sinema mbili zilizofuata.

Katika tamthilia, muziki wa kufungulia ni wa Howard Shore, yule wa sinema zote sita, na uliobaki ni wa Bear McCreary. Hata wasiopenda maneno ya wachezaji husifu muziki huo. Wasomaji wa vitabu wanalalamika kwamba mambo ya miaka mingi sana yamebanwa yaonekane ya kizazi kimoja. Lalamiko hilo lina haki. Wengine walikasirika kuona wachezaji weusi. Huo ni ubaguzi, na hatuuhesabu kuwa maoni juu ya sanaa.

Ubishi mkubwa ni juu ya Sauron. Katika sinema za kwanza adui huyu ni jicho la moto juu ya mnara. Katika msimu wa pili, wa 2024, anamjia mhunzi Celebrimbor akiwa na uso mzuri na jina la mleta zawadi. Anamsifu, anamsaidia kazi, anamtenga polepole na rafiki zake. Kuna wanaosema uovu ukipewa uso hautishi tena. Sisi hatukubali. Nyoka wa Mwanzo 3 hakuja na pembe, alikuja na swali. Anayejua mwisho wa Celebrimbor haulizi litatokea nini. Anaangalia ni saa gani mtu huyu angeweza bado kukataa.

Tolkien mwenyewe aliandika chanzo cha uovu huo kwa mfano wa muziki. Katika The Silmarillion, kilichotolewa 1977 baada ya kufa kwake, Muumba anawapa roho za mbinguni wimbo. Mmoja mwenye nguvu anaimba wa kwake, kwa kelele, kuwafunika wengine. Muumba haifukuzi korali. Analeta tuni mpya, na kelele ile yenyewe inaingizwa ndani yake. Msomaji wa Ayubu 38, zinapoimba nyota za asubuhi, hatashangaa.

Mwanzoni mwa sehemu za tamthilia unaonekana mchanga unaocheza kwa mtetemo wa sauti na kujipanga kuwa maumbo. Waliouchora waliufikiria wimbo huo. Watoto wadogo wasiketi mbele ya tamthilia hii, damu ni nyingi. Kwa wakubwa, mzazi aketi pamoja nao, na asiruhusu wauruke ule mchanga.