Kabla ya Kikao cha Wazazi, Fungua Daftari

Barua ya kuitwa shuleni ikifika nyumbani, wazazi wengi hukisia mambo mawili: kuna mchango, au mtoto kafanya kosa. Hawakosei sana, maana vikao vya wazazi katika shule nyingi za msingi Tanzania vimekuwa hivyo miaka nenda rudi. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wengine waliona kazi yao imeisha: ada imefutwa, wamebakiwa na sare, madaftari, chakula na matibabu ya mtoto. Swali kubwa likakosa mwenyewe. Mtoto anajifunza, au anahudhuria tu?

Jibu la kwanza limo ndani ya begi lake. Fungua daftari la hisabati au la Kiswahili angalau mara moja kwa wiki, na anza na tarehe. Zikiruka kutoka Jumatatu hadi Alhamisi, ama mtoto hakuwapo darasani, ama somo halikufundishwa, ama kaandika kwenye daftari jingine, muulize. Kisha tazama wino mwekundu. Kazi zisizosahihishwa wiki tatu mfululizo zinaeleza hali ya darasa zima, si ya mwanao peke yake. Penye alama ya kosa, tafuta masahihisho chini yake. Amelirudia swali akalipata, au ameliacha akaendelea na mada inayofuata? Hapo ndipo mtoto huanza kuachwa nyuma, kwa sababu asiyejua kutoa vizuri lazima akwame kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Mzazi ambaye hakusoma anaweza kuyaona mengi ya haya. Kutambua tiki na kosa hakuhitaji cheti.

Kusoma kunapimwa kwa masikio. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, zilizofanyika Tanzania, Kenya na Uganda, zilitumia njia nyepesi: mtoto alifuatwa nyumbani, akapewa herufi, maneno, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ilionekana tena na tena kwamba wapo watoto wengi wa madarasa ya juu wanaoshindwa hadithi hiyo. Wewe pia unaweza kupima hivyo hivyo, ila jihadhari na kukariri. Mtoto anaweza kukariri ukurasa mzima kwa kuwasikiliza wenzake wakiusoma kwa sauti darasani. Weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari, au mpe maandishi asiyowahi kuyaona: ya mfuko wa unga, ya tangazo la zahanati. Akisoma bila kukwama, muulize kimesemwa nini.

Ukienda kwa mwalimu wa darasa, usiulize, “Mwanangu anaendeleaje?” Utajibiwa, “Anaendelea vizuri, ajitahidi,” kwani mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kumkumbuka kila mmoja papo hapo. Nenda na daftari, fungua ukurasa wenyewe: “Mwalimu, hapa kwenye kugawanya anakwama. Nimsaidieje nyumbani?” Mwalimu akijua kuna mtu nyumbani anayefungua daftari, humtazama mtoto huyo kwa jicho jingine. Hili linawaumiza watoto wasio na mtu wa kuwafungulia daftari, na ndiyo sababu mzazi hapaswi kuishia kwa mwanawe.

Shule ya serikali ina kamati ya shule yenye wajumbe kutoka kwa wazazi, na shule nyingi sasa zina ushirikiano wa wazazi na walimu, yaani UWAWA. Ruzuku ya uendeshaji imekuwa ikikokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, zilizobaki hupelekwa shuleni. Kwa shule ya wanafunzi 600, hiyo ni kama shilingi 300,000 kwa mwezi. Fedha hizo ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo kila shilingi inapaswa kuonekana. Mapato na matumizi yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yasome, na yasipokuwapo, yaulizie. Darasa likijengwa kwa fosi akaunti, yaani shule ikisimamia ujenzi yenyewe bila mkandarasi, kamati ya mapokezi huhesabu simenti na nondo zinaposhushwa. Ukiteuliwa humo, kubali.

Kwenye chakula, mchango unahitajika kweli. Mtoto aliyetembea kilomita nne bila kunywa hata uji, ikifika saa tano hasikii anachofundishwa. Lakini mahindi na maharage yakikusanywa, wazazi washirikishwe kwenye ufunguo wa stoo, na asiye na debe apangiwe kuleta kuni au kuchota maji, kuliko mwanawe kuachwa akiwatazama wenzake wakila.

Walimu wakuu nao wana la kubadilisha. Ajenda ya kwanza ya kikao iwe hali ya kusoma, darasa kwa darasa: wa darasa la tatu wanaosoma ni wangapi, wangapi bado, na nani anawafundisha hao ambao bado. Michango iende mwisho. Kikao chenyewe kipangwe saa ambayo mama ametoka sokoni na baba ametoka shamba, maana kikiitishwa saa tatu asubuhi siku ya kazi, watakuja wale wale wachache.