Kinanda Kijacho Hakipigi Harusi ya Leo

Ijumaa iliyopita kijana mmoja wa hapa Rasbura, Lindi, alinipigia hodi, simu mkononi.

"Shikamoo, mjomba. Usinunue kinanda sasa. Kuna kipya kinakuja, kinapiga Kiarabu chenyewe!"

Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha mkekani. Maneno hayo mimi nimeshayalipia.

Mwaka 2015 nilikuwa na akiba ya kinanda. Wapiga vinanda wenzangu, Lindi mpaka Dar es Salaam, walikuwa na habari moja: Yamaha wanaleta Tyros6. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Tyros ya kwanza ilitoka 2002, ya pili 2005, ya tatu 2008, ya nne 2010, ya tano 2013. Nikasema nangoja. Kila harusi nikaazima kinanda cha watu, na nusu ya ujira wangu ikabaki kwa mwenye chombo. Mwaka 2017 chombo kikatoka kweli, ila jina lake Genos, na bei yake hata ningeuza mikorosho yangu yote isingefika. Tyros6 haijazaliwa hadi leo.

Tetesi hizi zina chanzo chake. Kiwanda hakitangazi kinanda kabla ya siku yake, maana mteja akijua kipya ki njiani, kilichopo dukani kitadoda. Watu wakikosa habari, hushika kalenda na kupiga ramli. Lakini kalenda nayo hudanganya: Tyros zilipishana kwa miaka miwili au mitatu, ilhali Genos2 ilikuja 2023, miaka sita baada ya kaka yake.

Na hicho "Kiarabu"? Taarabu yetu ya kale imelelewa na udi, kanuni na fidla, vyombo vinavyoweza kutoa sauti iliyojificha katikati ya funguo mbili za kinanda. Nikavuta kinanda changu kikuukuu, nilichokuja kununua baadaye, nikafungua sehemu ya kurekebisha ngazi ya sauti. Kutoka ufunguo mmoja hadi unaoufuata, mweupe au mweusi, ni senti 100 za sauti. Nikaishusha E kwa senti 50, na B vivyo hivyo. Kisha nikaanzia C, nikapanda polepole. Ikatoka Rast, maqamu (ngazi ya sauti ya Kiarabu) ya kina Umm Kulthum, kwenye chombo ambacho kijana alikiita cha kizamani.

Akaweka simu chini. "Kumbe ilikuwamo humu siku zote, mjomba?"

Ilikuwamo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nacho jioni mbili tatu.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ukiwa na fedha, nenda dukani na ununue unachokimudu. Bonyeza ufunguo mmoja mmoja, wote, usikilize uliokufa, hasa kwa kinanda cha mtumba kilichokaa pwani, maana hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani. Ukifika nyumbani kifunike kwa kitambaa, kisha kijifunze mpaka ukimalize. Kipya kitakapokuja, kitakukuta fundi.