Fahamu: Mafuta ya karafuu yanavyopambana na bakteria wa chakula

Kisiwani Pemba, makonyo ya karafuu hayatupwi. Hukamuliwa mafuta kwa mvuke. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kemikali inayoharibu utando wa seli ya bakteria hadi vilivyomo ndani vikavuja. Maabara zimeona ikiua bakteria kama Salmonella na Listeria.

Kwenye chakula halisi mambo ni magumu zaidi. Shahamu na protini za nyama au jibini huinasa yujenoli, hivyo kipimo kilichotosha maabara hakitoshi tena. Ukikiongeza, chakula chote kinanuka karafuu. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuitia kwenye vifungashio.

Nyumbani, tafadhali usimimine mafuta ya karafuu chunguni: ni makali, na mtoto akiyanywa yanaweza kumharibia ini. Kujikinga na bakteria, ivisha nyama vizuri, na kiporo kiweke kwenye friji.