Je, Wajua? Kasi ya Gari Ndani ya Picha Isiyosogea

Viwanja vingi vya mbio za magari hutenga siku za wenye magari wa kawaida. Unalipa kiingilio, unavaa helmeti, kisha unaliachia gari lako mwenyewe kwa mwendo ambao barabarani ungekamatwa nao. Kwenye njia ya Nordschleife huko Nürburgring, Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.8, wapigapicha hujipanga kando ya kona na baadaye kuwauzia madereva picha zao. Kazi hiyo ina ugumu wa pekee: picha haisogei, lakini inatakiwa ionyeshe mwendo.

Je, wajua kwamba shata yenye kasi mno huliegesha gari?
Gari linalokwenda kilomita 180 kwa saa hupita mita 50 kila sekunde. Shata, yaani mlango wa mwanga wa kamera, ikifunguka kwa 1/1000 ya sekunde, gari husogea sentimita 5 tu, na gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 65 huzunguka nyuzi 9 hivi. Spoki zote zinahesabika, kila kitu kimeganda, na mtazamaji hawezi kujua kama dereva alikuwa mbioni au ameegesha akimsubiri mtu. Ukiipunguza shata hadi 1/125, gari husogea sentimita 40 na gurudumu huzunguka karibu moja ya tano ya mzunguko. Hapo spoki huyeyuka na mwendo huonekana.

Je, wajua kwamba gari hutulia pichani kamera ikisogea?
Sentimita 40 hizo zingelifanya gari lote kuwa ukungu kama mpigapicha angeshika kamera bila kuisogeza. Ndiyo maana huligeukia gari kuanzia kiunoni, miguu ikiwa imetulia, akilifuata kwa lenzi tangu likiwa mbali. Hubonyeza huku bado anageuka, na haachi kugeuka baada ya kubonyeza. Gari likibaki mahali pale pale ndani ya fremu, linatoka safi. Miti, mabango na watazamaji wa nyuma ndio wanaogeuka mistari. Kwa maneno mengine, kasi ya gari husomwa kwenye vitu visivyokwenda kokote.

Je, wajua kwamba sehemu moja ya gurudumu haisogei?
Tairi lisipoteleza, ile sehemu inayogusa lami huwa imesimama kwa kitambo hicho, na sehemu ya juu kabisa huenda mara mbili ya kasi ya gari. Gari likienda 180, juu ya tairi kuna 360! Ukipiga picha kamera ikiwa imetulia, utaona gurudumu safi chini na lenye ukungu juu. Ukilifuata gari kwa kamera, ukungu huenea sawasawa kuzunguka rimu.

Je, wajua kuhusu gurudumu lenye umbo la yai?
Mfaransa Jacques-Henri Lartigue, aliyezaliwa 1894, alipiga picha ya gari katika Grand Prix ya Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Gurudumu limekuwa umbo la yai na kuinamia mbele, ilhali watazamaji wameinamia nyuma. Kamera yake ilikuwa na shata ya pazia lenye upenyo mwembamba uliopita juu ya kioo cha picha, kwa hiyo sehemu ya chini ya tukio ilinaswa kabla ya ile ya juu. Upenyo ulipoifikia sehemu hiyo ya juu, gurudumu lilikuwa limeshasogea mbele. Lartigue naye alikuwa akiligeukia gari, lakini si kwa kasi ya kulifikia. Hivyo watu wakaegemea upande wa pili. Hakuna picha ya gari la mbio inayoonyesha mwendo kwa nguvu kuliko hiyo.

Je, wajua kwamba simu yako hufanya vivyo hivyo?
Kamera nyingi za simu husoma picha mstari kwa mstari, si yote kwa pamoja. Gari likipita mbele yako kwa kasi, huonekana limeinama, na ukigeuza simu haraka, nguzo za umeme ndizo zinazoinama.

Je, wajua kwa nini wapigapicha hupenda kona?
Konani gari hupunguza mwendo, magurudumu ya mbele yamekunjwa na helmeti ya dereva inaonekana vizuri. Tena, ukisimama upande wa ndani, karibu na kitovu cha tao la kona, umbali kati yako na gari haubadiliki sana, na lenzi haihangaiki kutafuta umbali mpya.

Je, wajua kwamba uzio wa waya unaweza kutoweka?
Tumia lenzi ndefu, fungua tundu lake hadi mwisho na uisogeze karibu kabisa na waya. Waya huwa na ukungu mwingi kiasi cha kutoonekana. Epuka sehemu ya waya inayopigwa na jua.

Je, wajua kwamba mpigapicha mmoja alishindana akiwa ndani ya gari?
Mwaka 1957 Louis Klemantaski, mpigapicha mashuhuri wa mbio nchini Uingereza, alikaa kando ya dereva Peter Collins katika Ferrari kwenye mbio za Mille Miglia, Italia. Alikuwa akimwelekeza njia na kupiga picha humo humo. Walikuwa wakiongoza hadi gari lilipoharibika.

Je, wajua kuhusu Mohamed Amin na Safari Rally?
Mbio za Safari zilianza 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ya 1984 ziliitikisa dunia, alipiga picha za mbio hizo akiwa bado mwanafunzi Dar es Salaam. Huku kwetu vumbi hufanya kazi ya ukungu: hata shata ikiwa ya kasi sana, wingu jekundu nyuma ya gari hutangaza mwendo wake.

Je, wajua kwamba unaweza kuanza na bodaboda?
Kwa kilomita 40 kwa saa, bodaboda hupita mita 11 kila sekunde. Simama mbali na ukingo wa barabara, chagua inayokatiza mbele yako, na uifuate kwa kamera. Anza na 1/125, kisha 1/60, kisha 1/30. Picha nyingi zitaharibika, na hata mabingwa hutupa nyingi. Lakini kila hatua unayoteremka, pikipiki ni ile ile na mwendo ni ule ule. Kinachoongezeka ni kasi ndani ya picha, na anayeamua kiasi chake ni wewe.