Mtoto Hangoji Msimu

Wanachama wetu wajua kuwa karafuu zina msimu wake, mtoto hana. Huzaliwa hata majamvi yakiwa yamekunjwa na nyumbani hamna senti, ndipo baba huenda kukopa juu ya karafuu zilizo bado mtini.

Kwa hiyo twaona yafaa kuwapa khabari za Flint, mji wa jimbo la Michigan, Marekani. Mji huo ulisifika kwa viwanda vya motokaa. Vingi vilipofungwa umasikini ukaingia, na mwaka 2014 maji ya mabomba yakachanganyika na madini ya risasi. Januari 2024 ukaanzishwa huko mpango wa Rx Kids, ukiongozwa na daktari wa watoto, Bibi Mona Hanna. Kila mja mzito alipangiwa dola 1,500, kisha dola 500 kila mwezi mpaka mtoto atimize mwaka. Haulizwi utajiri wake wala hapangiwi matumizi.

Wako watakaosema fedha za bure huharibu watu. Nasi twajibu: tangu 2016 Zanzibar imewalipa pensheni wazee waliotimiza miaka 70, tajiri kwa masikini, wala hatujaona mzee aliyeharibika kwa hiyo.

Mche wa mkarafuu hutakiwa kivuli na maji ungali mchanga. Hapo ukipuuzwa, mbolea ya baadaye haifidii. Basi wanachama na walizungumze mkutanoni: je, chama hakiwezi kutenga kidogo katika kila gunia kwa ajili ya waja wazito wetu?