Muuguzi Kuongoza Chuo? Inawezekana!

Je, unasomea uuguzi na watu wanakuambia mwisho wako ni wodini? Si kweli! Muhimbili, Dar es Salaam, uuguzi unasomwa chuo kikuu. Ngazi ni hizi: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, huku ukifundisha na kufanya utafiti. Kisha ukuu wa idara, halafu uamidi.

Lakini angalia: kujua kuchoma sindano si kujua bajeti. Amidi akinyamaza kikaoni, darasa zima litagombea sanamu moja ya mazoezi, na atakayeumia ni mgonjwa. Kwa hiyo anza sasa: gombea uweka hazina wa chama chenu, zoea vikao, uliza hesabu. Usiogope!